Fundo Kichwani mwa Umi

Kadidja aliuza vitenge sokoni, na ulimi wake ulijulikana mtaa mzima wa Murara. Hakuna mteja aliyemshinda kwa maneno. Lakini wageni wakibisha hodi nyumbani, alimsukuma binti yake Umi chumba cha nyuma. Umi alikuwa na kifafa, na Kadidja aliona haya.

"Umi yuko wapi?" waliuliza.

"Anaumwa malaria."

"Malaria gani isiyokwisha, Mama Umi? Mbu wa kwenu hawalali?"

Walicheka. Naye akacheka, huku uso ukimwaka.

Volkano iliyo karibu na mji ilipolipuka, watu waliamriwa kuhama. Asubuhi hiyo, kwenye barabara ya kwenda mji wa Sake, Umi alianguka katikati ya umati. Akatetemeka, povu likamtoka.

"Musimuguse! Itawaambukiza!" mtu mmoja akapiga kelele. "Huyu ni mutoto ya nani?"

Kadidja alirudi nyuma hatua tatu. Akajichanganya na umati.

Aliyepiga magoti ni Victoire, jirani yao kutoka Butembo, muuguzi. Alimlaza Umi kwa ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa. Umi alipozinduka, Victoire alimgeukia mama.

"Mama Umi, povu haliambukizi. Aibu ndiyo inaambukiza. Tazama, mutoto ameshaipata."

Miaka ikapita. Vita vilikuwa vinakaribia mji Umi alipoanza kuumwa kichwa vibaya. Victoire aliwapeleka mwenyewe kupiga picha ya skana. Picha ilionyesha mishipa ya damu iliyosokotana ubongoni. Wakatumwa hospitali moja ya Kigali, Victoire akiwasindikiza hadi mpakani.

Huko, Daktari Ntirenganya aliwaeleza polepole.

"Mama, Umi alizaliwa na fundo hili, ndilo linalomletea kifafa. Damu inaingia kwa nguvu, inatoka kwa nguvu. Likipasuka, anaweza kufa. Tutalitoa."

"Mutajuaje mushipa wa kukata? Si yote ni myekundu?"

"Umeuliza vizuri. Tutamdunga rangi mkononi. Itasafiri na damu hadi kichwani. Tukiwasha mwanga maalumu, tunaiona damu iking'aa ndani ya hadubini. Mshipa unaong'aa mapema ndio unaolisha fundo. Huo tunaufunga. Mishipa ya ubongo wenye afya hatuigusi. Kisha tunadunga tena, tuone kama fundo limezimika."

Akafungua daftari.

"Rangi hiyo ina madini ya ayodini kidogo. Je, kuna dawa iliyowahi kumdhuru?"

"Hakuna," alisema Kadidja haraka.

Haikuwa kweli. Siku ya skana, dawa yenye ayodini waliyomdunga ilimvimbisha midomo. Lakini Kadidja aliogopa wangerudishwa nyumbani na fundo lile.

Umi alimtazama mama yake. Kisha akainamisha macho. Alijua kunyamaza. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Hapo Kadidja aliona aibu kubwa kuliko ile ya barabarani. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni, akitoka.

"Docta! Nimesema uongo."

Akaeleza yote. Daktari hakumgombeza.

"Afadhali umesema leo, kuliko kujua kesho akiwa kwenye meza ya upasuaji. Iko rangi nyingine, ya manjano, haina ayodini. Nayo tutaitumia kwa uangalifu, dawa za mzio zikiwa karibu."

Upasuaji ulichukua saa saba. Baadaye Kadidja alionyeshwa picha: kwanza fundo likiwaka manjano, halafu fundo limetoka, mishipa mingine ikiendelea kung'aa. Siku nzima ngozi ya Umi ilikuwa na rangi ya manjano, na mkojo wake pia.

"Mama, nimekuwa embe," alisema kwa sauti ndogo.

Kadidja alicheka hadi akalia.

Shule zilipofunguliwa, alisimama mbele ya darasa la Umi.

"Umi amepasuliwa kichwa. Fundo limetoka. Dawa za kifafa bado anameza, mpaka daktari aseme basi. Akianguka, mumulaze kwa ubavu. Musimutie kijiko mdomoni. Na musimukimbie."

"Nani anaweza kumukimbia?" aliuliza msichana mmoja.

Umi alikaa mstari wa mbele.

"Mimi," alisema Kadidja. "Mimi, mama yake."