Marehemu Bado Analipa Bili ya Maji

Kila Jumamosi asubuhi tarishi hutuletea barua. Nazipokea mimi barazani. Wakati ule bili ya maji iliandikwa Ernestine Gaither. Bili ya gesi, Ernestine Gaither. Kodi ya jengo ya serikali, Ernestine Gaither. Hata duka la viatu likituma tangazo, lilimtumia Ernestine Gaither.

Ernestine Gaither ni mama mkwe wangu. Ilikuwa miaka sita tangu afariki. Tulimzika, tukalia, tukala. Lakini kwa tarishi, mama yule alikuwa hai kuliko mimi.

"Clifton," nilimwambia mume wangu, "lini utabadilisha jina kwenye hizi bili?"

"Ya nini kubadilisha? Si nazilipa?"

"Unazilipa kwa jina la marehemu."

"Mama hajalalamika."

Huyo ndiye mume wangu. Anaendesha basi la mji mwaka wa kumi na tisa huu. Hajawahi kuchelewa kituoni hata siku moja. Lakini mambo ya karatasi, atakwambia kesho, na kesho atakwambia keshokutwa.

Mimi naitwa Marvella. Nafundisha darasa la nne. Tuna binti mmoja, Janae, mwenye miaka kumi na mmoja. Tunakaa Philadelphia Magharibi, katika nyumba ya matofali iliyobanana na nyumba za jirani kulia na kushoto. Baba mkwe wangu alikuwa akichambua barua posta. Aliinunua nyumba hii mwaka 1961, mtu mweusi wa tatu kununua nyumba katika mtaa huu. Wazungu waliobaki wakahama mmoja mmoja, na yeye akaendelea kupaka rangi baraza lake kila kiangazi.

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tatu Janae akashuka ngazi na daftari lake la hesabu. Lilikuwa limelowa chapachapa.

"Mama, dari inalia," alisema.

Tukaweka ndoo. Tukaweka na sufuria. Fundi wa paa akapanda juu, akashuka akitikisa kichwa. Paa lote limeoza, si la kubandika kiraka. Alipotaja bei yake, Clifton akakaa kwenye ngazi.

Lakini mji wetu una ofisi inayowasaidia wenye nyumba kutengeneza mapaa. Jumatatu tukaomba ruhusa kazini, tukapanga foleni. Dada wa dirishani alikuwa mpole tu.

"Mwenye nyumba ni nani?" akauliza.

"Ni mimi," Clifton akajibu kifua mbele.

"Hati ya nyumba ina jina la Ernestine Gaither."

"Ni mama yangu."

"Basi aje asaini."

Clifton akatazama viatu vyake. "Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Amekufa!" nilisema mimi, kwa sauti iliyofanya foleni nzima igeuke.

Yule dada akafunga faili taratibu. "Poleni sana. Lakini kwa karatasi hizi nyumba bado ni ya marehemu. Siwezi kuwasaidia mpaka hati iwe na jina la mtu aliye hai."

Ndani ya gari Clifton alifoka njia nzima. "Nimezaliwa mle! Nimelipa kodi miaka sita! Nimemuuguza mama mle mpaka pumzi ya mwisho! Leo naambiwa si kwangu?"

Ningefungua mdomo ningemtukana mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ameshika usukani.

Nje ya nyumba yetu tulimkuta Bi Odessa anafagia majani. Bi Odessa ni kiongozi wa mtaa. Ndiye anayepanga siku ya usafi, na ndiye anayekugongea mlango ukiweka taka nje siku isiyo yake. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ofisi ya mirathi miaka thelathini na mmoja. Mtaa mzima unamwogopa.

"Mbona mna nyuso za watu waliokunywa siki?" akatuuliza.

Nikamweleza. Akasimamisha ufagio.

"Miaka sita!" akasema. "Clifton Gaither, miaka sita nyumba ina jina la maiti, na mimi nakaa mlango wa tatu kutoka hapa! Ulishindwa kuniuliza?"

"Nilidhani ukilipa kodi inatosha, Bi Odessa."

"Kodi hata mimi naweza kukulipia. Nyumba itakuwa yangu?"

Tukaingia jikoni. Nikapika kahawa. Bi Odessa akaikataa keki, kisha akaila.

"Sikilizeni," alisema. "Mama yenu hakuandika wosia. Sivyo?"

"Alisema kwa mdomo," Clifton akajibu. "Hapa hapa mezani, siku ya Pasaka. Alisema nyumba ni ya atakayebaki kumtunza. Wote tulisikia."

"Alisema. Kwa nini hakuandika?"

"Alikataa. Alisema ukiandika wosia unajichuria. Unaita kifo."

"Na alipokataa kujichuria, hakufa?"

Mimi nilitazama dirishani ili nisicheke.

"Maneno ya mezani mahakama haiyajui," Bi Odessa akaendelea. "Mtu asipoacha wosia, sheria ndiyo inayogawa. Mama yenu alikuwa mjane, ana watoto watatu. Kwa hiyo nyumba hii ni ya Clifton, ya Yvette na ya Dwight, sawa kwa sawa. Lakini hati bado ina jina la mama. Ndiyo maana hamuwezi kukopa kwa nyumba, wala kupata msaada wa paa. Na kuna baya zaidi. Wezi wanatafuta nyumba za namna hii. Wanaghushi saini ya marehemu na kuiuza. Siku moja unakuta mtu mlangoni na ufunguo wake, anakwambia ameinunua."

"Ewe Mungu," nilisema. "Sasa tufanye nini?"

"Kwanza mtafute cheti cha kifo. Halafu mmoja wenu aende ofisi ya mirathi, aombe kuwa msimamizi. Hao wawili wasaini kwamba wamemkubali. Karatasi hiyo haimnyang'anyi mtu fungu lake, inasema tu nani ashughulikie mambo. Msimamizi analipa madeni na ushuru wa mirathi. Baada ya hapo mnakubaliana nyumba iwe ya nani, kila mmoja anasaini, na hati mpya inaandikishwa mjini. Wapo mawakili wa msaada wa sheria wanaofanya kazi hii bure. Namba yao nitawapa. Msimpe karatasi mtu yeyote anayekuja kugonga mlango akisema atawasaidia."

Akasukuma kikombe.

"Nitawaambieni kilichokuwa kinaniudhi ofisini miaka yote ile. Watu weusi wa mji huu tumesoma. Tumepata kazi nzuri, tumenunua nyumba kwa jasho. Kisha mwenye nyumba anakufa, na nyumba inakufa naye, kwa sababu ya karatasi! Watoto wanaanza upya kama vile babu yao hakununua kitu. Nimewaona wakilia mbele ya meza yangu. Walimu, manesi, watu wenye digrii."

Nilitazama digrii yangu ukutani. Niliona aibu, na hasira pia.

Yvette, dada yake Clifton, yuko Baltimore. Nilimpigia jioni ile ile. "Wifi, nitumie nisaini," akasema. "Mama alitaka nyumba iwe yenu, na mimi nilikuwepo."

Tukabaki na Dwight.

Dwight ni mdogo wa Clifton, anakaa Atlanta. Ana nyumba kubwa na magari mawili. Yeye na kaka yake walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi. Na sababu ni nini? Sababu ni kikaango!

Kikaango cha chuma cha mama yao, kizito, cheusi tii. Mama Ernestine alikipata kwa mama yake kutoka South Carolina. Ndicho alichookea mkate wa mahindi wenye ukoko kila Jumapili, na sabuni hakikuijua, maana huondoa mafuta yaliyokolea kwenye chuma. Siku ya mazishi nilikaangia kuku humo, kwa sababu waombolezaji walikuwa sitini na sufuria hazitoshi. Dwight akaingia jikoni, akakiona, akasema mama alimwahidi yeye. Clifton akamwambia mama hakuahidi. Dwight akaondoka hata hajala. Miaka sita!

Clifton alimpigia simu. Mimi nilikuwa pembeni, nasikia.

"Kwa hiyo leo umenikumbuka," Dwight akasema. "Unataka nisaini uchukue na nyumba."

"Paa linavuja, Dwight."

"Kikaango kinavuja?"

Clifton akakata simu. Nilitaka kulia. Wiki nzima nilimsihi apige tena, akagoma. Dwight naye akagoma. Wanaume wawili, mmoja ana miaka hamsini na mbili na mwingine arobaini na tisa, wamenuniana kwa ajili ya chombo cha jikoni. Huku juu ndoo inajaa.

Januari dari ikaanguka. Kipande kizima cha plasta, kizito kama mfuko wa saruji, kilidondoka juu ya mto wa Janae. Mtoto alikuwa shuleni. Nilisimama mlangoni nikautazama ule mto.

Nilimpigia Dwight mwenyewe.

"Shemeji," nilisema, "plasta imeanguka pale mwanangu anapolaza kichwa. Kwenye mto, Dwight! Uje usaini. Kikaango chako nimeshakifunga kwenye gazeti. Kichukue, na Mungu akubariki nacho, maana mimi nimechoka na nyie wote wawili!"

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Janae hajambo?"

"Hajambo. Analala sebuleni kwenye kochi, kama mgeni."

"Nyumba siitaki, shemeji. Sikuwahi kuitaka. Nilitaka mtu aniulize tu."

"Basi nakuuliza!"

Alikuja Ijumaa ile. Bi Odessa alimkalisha mezani na kumsomea kila karatasi. "Hii ya kwanza haikutoi kwenye urithi. Hii ya pili inakutoa, unamwachia kaka yako fungu lako. Kama una shaka, peleka kwa wakili wako kwanza. Usisaini kwa kunionea haya."

Dwight alisoma zote mbili. Ya kwanza akaisaini siku hiyo. Ya pili ilikuwa rasimu tu, akaisaini baadaye wakili alipoikamilisha, mbele ya afisa wa kuthibitisha saini. Ijumaa ile, kabla hajaondoka, Clifton mwenyewe alimtolea kikaango. Walisimama barazani, kila mmoja ameshika upande wake wa kile chuma, hakuna anayeachia.

"Usikioshe kwa sabuni," Clifton akasema.

"Unanifundisha mimi?" Dwight akajibu. Kisha wakakumbatiana, kikaango katikati.

Mwezi wa Mei hati mpya ilifika, Clifton na Marvella Gaither. Tukarudi kwa yule dada wa dirishani, na safari hii hakufunga faili. Mwezi wa Julai mafundi walipanda juu. Janae akarudi chumbani kwake. Mvua ya kwanza ilipokuja tulikaa kitandani kwake wote watatu, tukaitazama dari. Halikudondoka hata tone.

Mngedhani mume wangu amejifunza. Wapi!

"Sasa tukaandike wosia," nilimwambia.

"Wosia wa nini? Hati si tunayo?"

"Mama yako naye alikuwa nayo!"

"Marvella, usinichurie."

Siku zile, kikaango kikiwa Atlanta, nilikuwa naoka mkate wa mahindi kwenye bakuli la kioo. Ulikuwa laini kama sponji, hauna ukoko. Nilimwekea kipande mbele yake. "Kula," nikamwambia. "Hii ndiyo bei ya mama kutokuandika. Maneno mawili tu, kikaango cha fulani, na msingenuniana miaka sita."

Aliutafuna kwa shida. Jumatano tukaenda kwa wakili, tukaandika wosia, tukasaini mbele ya mashahidi. Bi Odessa alituambia tuwaonyeshe ndugu mahali tunapouweka, maana wosia uliofichwa mno ni sawa na usioandikwa. Alhamisi Clifton akaamka mzima, akala mayai mawili, akaenda kazini. Basi halikuchelewa.

Jumamosi iliyopita tarishi alileta barua. Bili ya maji, Clifton na Marvella Gaither. Nimeibandika kwenye friji. Pamoja nayo ilikuja bahasha kubwa kutoka Atlanta, ya Janae. Mtoto akaifungua mezani. Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa wosia wa baba yake mdogo. Akausoma kwa sauti.

"Kikaango cha chuma cha mama yangu Ernestine nampa Janae, binti wa kaka yangu Clifton. Asikioshe kwa sabuni."

Clifton akageukia sinki. Akafungua maji, ingawa hakuwa na cha kuosha.

Mimi nilifurahi, nawaambieni kweli. Lakini bakuli la kioo lilikuwa pale mbele yangu, na mkate wake mbichi katikati.

"Kwa hiyo," nilisema, "mpaka Dwight afe ndipo tule mkate wa maana humu ndani?"

"Marvella!" mume wangu akasema, bado amenipa mgongo. "Usimchurie mdogo wangu."