Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Trela la ng'ombe lilikuwa limeziba gari la Ottilie pale chini ya ngome ya Kufstein, mji wa milimani Austria, na ndani ya trela ndama alikuwa akimkodolea macho kama askari wa mpakani. Maegesho yalijaa hadi pomoni. Mabasi yalipiga honi, watalii walipigana vikumbo na vijiti vyao vya kupigia picha, na mwenye trela hakuonekana. Ottilie alikuwa ametoka Vienna asubuhi ile, amevaa suruali nyeupe ambayo mwenye akili timamu haivai safarini. Akalipiga teke gurudumu la trela.

"Polepole, bibie. Gurudumu halijakukosea," sauti ikasema nyuma yake.

"Wewe ndiye mwenye huyu mnyama?"

"Yupi? Aliye ndani au huyu anayepiga mateke?"

Akageuka tayari kwa vita. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, kaptula yake ya ngozi imechakaa mapajani, mikono ya shati imekunjwa. Jua lilikuwa limemchoma uso hadi kwenye mstari wa kofia, na juu ya mstari huo paji lilikuwa jeupe kama jibini mbichi. Matusi yote aliyoyapanga Ottilie yakamtoka kama kicheko.

"Naitwa Vinzenz. Na wewe unakwenda wapi peke yako na ramani kubwa kama shuka?"

"Nazunguka makasri. Lolote lenye mlango wazi, naingia."

"Unatafuta mwana wa mfalme?"

"Nilishaolewa na mmoja. Nikamrudishia taji lake na soksi zake."

Walikunywa kahawa, kisha wakanywa nyingine, ndama akilalamika kwenye trela. Hapo ndipo kila mmoja alipomweleza mwenzake mzigo wake, wakiamini kwamba si mzito. Ottilie alikuwa na binti, Fanni, ambaye wiki hizi za likizo alikuwa kwa baba yake. Mahakama ilikwisha amua: mtoto hukaa Vienna, wiki kwa mama, wiki kwa baba, na mzazi atakayehama mji ndiye atakayemkosa. Vinzenz naye hakuwa na kitu cha kumfunga. Kiangazi chote alikuwa malishoni juu ya kijiji chao pamoja na kaka yake, Leonhard, lakini shamba lilikuwa la Leonhard, kwa kuwa kwao shamba halikatwi vipande. Linakwenda kwa mmoja.

"Na wewe unabaki na nini?"

"Miguu miwili na kofia," alisema Vinzenz. "Naweza kuipeleka popote."

Ottilie akaendelea na safari yake peke yake, kama alivyokusudia, ila upweke wenyewe ulikwisha haribika. Kila jioni, baada ya kukamua, Vinzenz alipanda hadi kwenye msalaba wa kilimani, mahali pekee penye mtandao, akampigia simu.

"Leo wapi, bibi kasri?"

"Tratzberg. Nimeona kitanda cha mtukufu fulani. Kifupi! Sijui alikuwa analala ameketi?"

"Changu ni kirefu. Tatizo ni Leonhard, anakoroma hadi ng'ombe wanaitikia."

"Hiyo ni posa au malalamiko?"

"Sikiliza vizuri, utajua mwenyewe."

Akavuka mpaka wa Brenner kuingia Italia. Akala maandazi ya jibini Sterzing, akapotea njia, akagombana na bwana mmoja wa Meran aliyemwambia mwanamke asiendeshe peke yake kwenye kona zile. Juu ya mnara wa Kasri la Tirol, mashamba ya matofaa yakiwa yametandazwa chini yake hadi macho yachoke, alimsimulia Vinzenz ugomvi huo neno kwa neno. Vinzenz alicheka mpaka akakosa pumzi.

"Tilli."

"Sema, mchunga ng'ombe."

"Ng'ombe wakishuka kutoka malishoni mwezi huu, nakuja Vienna. Nimeshamwambia Leonhard. Amenitukana, kisha amenikumbatia. Na wewe uje siku ya kushuka, utembee kando yangu kijiji kizima kikiona."

"Matembezi tu?"

"Mama yangu akikuona hapo hatauliza swali la pili."

Usiku ule Ottilie, mwanamke mzima mwenye leseni ya kutokuamini wanaume, aliimba akipiga mswaki.

Kesho yake simu haikulia. Keshokutwa pia haikulia. Siku ya tatu alishindwa, akapiga yeye, na mwanamke akapokea, sauti imemkauka.

"Vinzenz hawezi kuongea. Yuko na Agathe na watoto. Tafadhali, usipige tena."

Agathe na watoto! Ottilie aliketi kitandani katika chumba cha wageni huko Brixen, akacheka kicheko kibaya, kisha akaandika ujumbe: "Msalimie mkeo na wanao. Kwangu umefika mwisho." Hakupata jibu. Akalia hadi mto ukalowa pande zote mbili.

Angeweza kupita njia kuu moja kwa moja hadi nyumbani. Lakini siku ya kushuka ng'ombe ilipofika alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni, akapaka midomo rangi ileile, akavaa hereni ndefu, na kukunja kuingia bonde la akina Vinzenz. Alitaka amwone mbele ya huyo Agathe wake, ajue amekosa nini.

Kijiji kilikuwa kimejipanga kando ya barabara. Kulikuwa na bendi, lakini tarumbeta zilikuwa zimelala magotini. Ng'ombe wakatokea kwenye kona, wakubwa, wa kijivu, pembe tupu, na yule wa mbele amefungwa utepe mweusi. Ottilie amekulia nyanda za chini ambako ng'ombe huonekana kwenye pakiti ya maziwa. Alichojua ni kile cha kwenye kalenda: siku hii ng'ombe huvikwa mataji ya maua.

"Mzee, vipi?" alimwuliza kwa sauti babu aliyesimama karibu naye. "Mwenye hawa ni bahili, au maua yamekwisha bondeni kote?"

Watu wakageuka. Babu akamtazama gauni, kisha uso, na hakumkaripia.

"Binti, maua ni shukrani, kama kiangazi kimepita salama. Nyumba ikifiwa malishoni, ng'ombe hushuka hivi hivi. Mwana wa Kreszenz, mama wa hawa ndugu wachungaji, aliteleza mwambani kwenye ukungu, akimfuata mtamba."

"Mwana yupi?"

"Eh?"

"Ana wana wangapi, mzee? Yupi?"

Babu alikuwa akivua kofia, wala hakumsikia, kwa kuwa ng'ombe sasa walikuwa wanapita mbele yao. Ottilie alisimama na midomo yake myekundu, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kila mgongo uliopita ulificha mwingine. Akamwomba Mungu, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye kwa muda mrefu, ampe Vinzenz mwenye mke, Vinzenz mwongo, Vinzenz yeyote mwenye pumzi.

Alikuja wa mwisho kabisa. Kitambaa cheusi kofiani, fimbo mkononi, mashavu yamemwingia. Akamwona.

"Tilli," alisema. "Umependeza."

Hapo ndipo Ottilie alipoangua kilio, na Vinzenz ndiye aliyemshika mkono wakatembea pamoja nyuma ya ng'ombe, kijiji kizima kikiona.

Zizini kulikuwa na joto na harufu ya majani. Ng'ombe hawajui matanga, wanataka kukamuliwa. Vinzenz akaketi kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, akasema bila kumtazama.

"Agathe ni mjane wa Leonhard. Watoto ni wake. Aliyepokea simu huku kijijini ni dada yangu, Burgl. Jina lako kwenye simu nimeandika Kasri. Akadhani ni watu wa biashara."

"Na ujumbe wangu?"

"Niliusoma. Nikapanda msalabani nikupigie, nikarudi bila kupiga. Nikasema, akinichukia itakuwa rahisi kwake."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

Maziwa yalipiga ndoo. Wote wawili walijua swali, na hakuna aliyetaka kulifungua.

"Shamba ni lako sasa," alisema Ottilie hatimaye.

"Ni la mtoto wa Leonhard. Ana miaka minne. Mpaka afike kimo cha kushika jembe, mlinzi wake ni mimi, na nitakuwa na mvi." Akainua uso. "Ningekuoa leo, Tilli. Hapa hapa, na harufu hii."

"Na ningekubali, na gauni hili." Akafuta pua kwa kiganja. "Fanni ana miaka tisa, Vinzenz. Nikihamia huku nitakuwa mama wa kwenye picha."

"Najua. Usingemwacha. Ungemwacha, nisingekutaka hivi."

Akamsogelea, akapiga magoti kwenye majani, gauni jekundu na yote, akamkumbatia huku ndoo ikiwa katikati yao. Ng'ombe akawapiga mkia usoni, wakacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati ya njia.

Jikoni, mama yake Vinzenz, Kreszenz, kikongwe mnyoofu aliyevaa nyeusi hadi kidevuni, alikuwa akipakua supu yenye matonge ya ini. Agathe alimlisha mwanawe. Burgl alikata mkate. Wote wakainua vichwa mlangoni, na gauni lile likawaka katika chumba kile kama moto.

"Huyu ni nani wako?" Kreszenz akauliza.

Vinzenz hakuuachia mkono wa Ottilie.

"Ndiye ninayempenda, mama. Anaondoka."

Upawa ukasimama hewani. Kikongwe alimtazama mwanawe aliyebaki, kisha akamtazama mwanamke yule, rangi ya midomo imemfika kidevuni, majani kwenye nywele. Akavuta kiti kilichokuwa kitupu tangu msiba, akakifuta kwa aproni.

"Basi aketi. Huku hatumwachi mtu aondoke na njaa."

Ottilie akaketi. Supu ilikuwa ya moto mno, na kila aliyekuwa mezani akapata sababu ya kufuta macho.