Joka Lisilokuwapo Chemchemini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rosa na rafiki yake Niyonsaba walipanda kilima cha Murungu kuteka maji kwenye chemchemi. Walipiga soga mpaka ndoo zikajaa, kisha wakateremka wakihimizana wasichelewe kuhesabu namba shuleni.

Mwaka huo wa 1996 Rosa alikuwa darasa la sita. Wakati wa likizo alikuja Leonidasi, mtoto wa baba yake mkubwa, aliyekuwa akisoma sekondari Kasulu. Rosa alimpenda kaka yake huyo kupita kiasi.

"Mdogo wangu," Leonidasi alimwambia, "gazeti la shule yetu linatafuta hadithi za kale za huku kwetu Buha. Niandikie ile ya chemchemi anayosimulia Bibi. Jina lako litachapwa."

Rosa akaketi jikoni na Bibi Ndayikunda, akaandika kila alichosimuliwa. Zamani mama mmoja mwenye kiu alinyimwa maji kila nyumba. Akapanda kilimani akilia, na Mungu, Imana, akamfungulia chemchemi miguuni pake. Tangu hapo maji yale hayanyimwi mtu. Likizo ilipokwisha, Leonidasi akarudi Kasulu na karatasi hiyo.

Gazeti lilipofika kijijini, Rosa alilipekua kwa haraka. Hadithi aliikuta. Chini yake palikuwa na jina moja tu: Leonidasi. Tena chemchemini sasa kulikaa joka la vichwa viwili, linalokamata wasichana wanaoteka maji alfajiri!

Gazeti likapita mkono kwa mkono. Wasichana wakaacha kupanda kilimani, wakateka maji bondeni, mahali ng'ombe wanyweapo.

"Hakuna joka," Rosa aliwaambia.

"Kama hakuna, mbona limechapwa?" Niyonsaba akamjibu.

Haukupita muda Niyonsaba akashikwa na tumbo la kuhara, akalazwa zahanati. Bibi naye akauliza kwa huzuni, "Rosa, mjukuu wangu, hilo joka nililitaja lini?"

Rosa alilia sana. Kumshtaki kaka yake kulimuuma, lakini kunyamaza kulimuuma zaidi. Akampelekea Bazilio, Mwalimu Mkuu wa shule yao, lile gazeti, na Leonidasi akaitwa kutoka Kasulu.

"Niliongeza chumvi kidogo ili inoge, Mwalimu," alijitetea. "Ni hadithi tu."

"Kaka, nilikuamini," Rosa alisema. "Umechukua maneno ya Bibi ukayaita yako. Na Niyonsaba yuko zahanati."

Kesho yake Leonidasi alisimama mbele ya wanafunzi wote wa shule ya kina Rosa, akakiri kwamba hadithi ilikuwa ya Bibi, iliandikwa na Rosa, na joka alilibuni yeye. Kisha akapanda nao kilimani, akateka maji na kuyanywa wakimtazama.

Mwalimu Bazilio akasema, "Wanangu, aliyekupa habari mtaje. Ukibuni, sema umebuni. Nanyi wasomaji, msiamini jambo kwa sababu tu limechapwa. Ulizeni kwanza limetoka wapi."

Niyonsaba alipona, na gazeti likatoa masahihisho yenye jina la Bibi na la Rosa. Leonidasi aliomba radhi, naye Rosa akamsamehe. Lakini likizo iliyofuata, Leonidasi alipoomba hadithi nyingine, Rosa alimkabidhi daftari na kalamu.

"Bibi yuko ndani, kaka. Kamwombe mwenyewe."