Pampu Iliyojificha Chini ya Zulia

Vifaranga walikuwa wakipiga kelele ndani ya maboksi. Mama Vifaranga aliyapanga maboksi hayo sakafuni mwa gari la familia, lile kuukuu, kubwa, la magurudumu manene. Kiti cha nyuma walikiondoa zamani ili mizigo ienee. Mteja alikuwa akisubiri, na jua lilikuwa linapanda. Likiwa kali, vifaranga wangekufa njiani.

Mumewe akapiga stata. Injini ikazunguka, lakini haikuwaka. Akapiga tena. Wapi!

"Ni pampu ya petroli," alisema, akafungua boneti. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia. "Kwenye lori la marehemu baba ilikuwa hapa hapa, ubavuni mwa injini!"

"Lakini baba watoto, tangi liko nyuma. Pampu ifuate nini huku mbele?"

"Wewe jua kuku. Magari niachie mimi."

Mkewe hakununa. Swali lilishamkaa kichwani. Akaenda kumwita jirani, fundi umeme wa magari, aliyekuwa akipiga mswaki uani kwake.

"Shemeji, toka humo," fundi alicheka, akimwona mume bado kainamia injini. "Gari hili lina mota nyingi. Tuzitafute kwa masikio. Mama Vifaranga, washa swichi, usipige stata."

Akamwonyesha vitufe vya kubonyeza kimoja kimoja. Kioo cha mlango kikashuka. "Mota yake imo ndani ya mlango," fundi akaeleza. Waipa zikacheza. "Hiyo iko chini ya kioo cha mbele." Maji yakaruka kiooni. "Na hiyo ni pampu ndogo, iko chini ya chupa ya maji. Umeme upo. Sasa zima, washa tena, usikilize nyuma. Pampu ya petroli huvuma kidogo, kisha hunyamaza."

Mama Vifaranga akatega sikio.

"Nasikia vifaranga tu!"

Wakacheka, wakahamishia maboksi kivulini. Akasikiliza tena.

"Kimya kabisa."

"Basi haipati umeme, au imekufa. Imo ndani ya tangi, chini ya sakafu hii."

Kwanza fundi alichomoa waya wa betri. "Penye petroli hatutaki cheche wala sigara." Kisha akainua zulia. Lilikuwa limelowa chapachapa. Chini yake palikuwa na kifuniko, na chini ya kifuniko, plagi ya nyaya iliyoota kutu ya kijani.

"Maji haya yametoka wapi?"

Mama Vifaranga akajishika mdomo. "Vyombo vya kunyweshea! Huviacha ndani ya maboksi, vinamwagika njia nzima."

"Na kiti kilichokuwa kikifunika hapa nilikiondoa mimi," mumewe akasema kwa sauti ndogo.

Fundi akasafisha plagi, akaikausha, akaichomeka. "Hii ni plagi tu. Kuitoa pampu tangini ni kazi ya fundi. Msijaribu."

Waya wa betri ukarudishwa. Mama Vifaranga akawasha swichi. Vuuu!

"Iko hai!" alipiga kelele kwa furaha.

Vifaranga walifika wote wazima. Siku hizi maboksi hukaa juu ya sinia pana la plastiki, na vifaranga hunyweshwa wakishafika. Na kila safari, kabla ya kupiga stata, mume humgeukia mkewe.

"Mama watoto, imevuma?"

"Imevuma. Haya, piga."