Kivuli Anavuka Ukuta

Kosa lilikuwa la silabi moja, na mke wa msimuliaji wa filamu ndiye aliyelisikia.

Kazi ya mumewe ilikuwa kuzitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, chumbani mwao, kwa maikrofoni iliyovikwa soksi. Safari hii aliletewa filamu ya Kijerumani ya zamani, isiyo na sauti kabisa. Siku ya kwanza aliwacheka waigizaji na wanja wao, na madirisha yaliyochorwa kombo juu ya turubai. Siku ya tatu hakucheka tena.

"Hawa hawasemi," alimwambia mkewe, "ndiyo maana huwezi kuacha kuwatazama."

Ilikuwa hadithi ya fundi saa aliyekufa, kivuli chake kikabaki, kikawa kinahama ukuta hadi ukuta kikitafuta mtoto wa kumwingia.

"Hapa umesema 'kivuli anavuka ukuta'," mkewe alimkatiza katikati ya kurekodi. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili. "Kivuli kinavuka, baba watoto. Hata darasa la pili hawakosei hapo."

"Mbona kipofu anavuka? Kijana anavuka?"

"Hao wana roho. Futa."

Hakufuta.

Kesho yake adhuhuri, ukutani sebuleni, palikuwa na doa refu la giza, lisilokuwa la kiti wala la pazia. Alasiri lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Nyumba ilinuka vumbi lililoungua juu ya balbu, na binti yao wa miaka sita, aliyelala na homa chumba cha mwisho, alilalamika kwamba kuna mtu anakwaruza ukuta.

Ndipo msimuliaji alipoikimbilia maikrofoni, akarekodi upya huku mkewe, aliyesimama mlangoni akilitazama doa, akimnong'oneza kila neno, kivuli kinavuka, kivuli kinasimama, kivuli kimetoweka, na kila alipotamka ki- doa lile lilitetemeka kama nguo kambani lakini halikurudi nyuma, likazidi kuambaa na korido, likajipinda kwenye fremu ya mlango wa mtoto, likaingia.

Kukwaruza kukakoma.

"Mwanangu," mama aliita kwa sauti ndogo, "ukutani kwako kuna kitu?"

"Hakuna, mama."

Msimuliaji alishusha pumzi.

"Yuko hapa kitandani," mtoto aliendelea. "Anauliza ataitwa nani."