Sabuni ya Simsim

Simsim ni mbwa. Nakwambia mapema, maana kule Iganga, Uganda, ukisema simsim watu wanafikiria ufuta. Hata Joweria alicheka siku ya kwanza aliposikia jina hilo.

"Madam, kwetu simsim tunaisaga, tunakula!"

Madam Nada naye akacheka. Kwao Lebanoni pia wanaila. Basi wakaanza vizuri, mwajiri na mfanyakazi wake, katika nyumba yao ya Dubai.

Joweria alifanya kazi za ndani. Kiswahili alikiokota Busia, sokoni, alipokuwa akiuza nguo za watoto. Alikuwa Mwislamu wa swala zote, na mtu wa maswali mengi. Alipika, alideki, alipiga pasi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa Simsim, mbwa mkubwa, mpole, wa manyoya marefu ya rangi ya asali. Asubuhi alimtembeza kabla jua halijawa kali. Mchana mbwa alijilaza mlangoni mwa chumba cha Joweria, ulimi nje, akimsubiri.

Na hapo mlangoni ndipo shida ilipoanzia.

Joweria aliogopa najisi. Alijiambia, "Mbwa analala hapa, na mimi naswali hapa. Nikimsafisha kabisa kabisa, nitakuwa salama." Kwa hiyo akawa anamwogesha karibu kila siku. Na alimwogesha kwa kitu gani? Lo! Alichukua shampuu ya madam ya kuoshea nywele, akamimina ndani yake dawa ya kudekia choo, ile ukiitia maji inakuwa nyeupe na nyumba nzima inanuka hospitali. Alivaa glavu, akasugua hasa. Madam hakujua habari ya dawa hiyo. Yeye akirudi kazini alimpulizia Simsim marashi yake, akambusu kichwani, basi.

Haukupita muda mrefu, Simsim akaanza kujikuna. Alijikuna sebuleni, alijikuna jikoni, alijisugua kwenye zulia mpaka zulia likajaa manyoya. Mgongoni alitoka mba na vipara. Tumboni ngozi ikawa nyekundu.

Joweria alimwonyesha Caren, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya pili.

"Aki woiye!" Caren alisema. "Si hiyo ni ngozi imekauka tu. Hii AC inatumaliza sisi wote. Mpake yale mafuta yangu ya nywele, yale ya kupoza kichwa. Mimi yamenisaidia sana."

"Kweli, Caren?"

"Wee jaribu tu."

Joweria akajaribu. Masikini Simsim! Aliruka, akalia, akajilamba mafuta yote, kisha akatapika kwenye viatu vya madam.

Jioni hiyo madam alimwita Joweria sebuleni. Hakuwa anacheka tena.

"Joweria, mbwa huyu ana ugonjwa. Naogopa atatuambukiza. Shemeji yangu ana shamba Al Ain. Mwisho wa mwezi atatuma gari limchukue."

"Na mimi, madam?"

Madam alitazama pembeni. "Bila mbwa, kazi ya nyumba hii ni ndogo. Sitahitaji mtu wa kulala hapa."

Mwana wa Joweria, Jamiru, alikuwa shule ya bweni, na alisoma kwa kazi hii. Akikosa kazi, mtoto atarudi nyumbani. Na jambo jingine lilimuuma, ingawa aliona haya kulisema: alikwishamzoea yule mbwa. Alimhurumia kwelikweli.

Madam hakutaka kumpeleka Simsim kwa watu akiwa amechakaa vile. Siku ya mapumziko wakamtia garini, wakaenda Al Quoz, kwenye duka la kuogesha na kunyoa wanyama.

Joweria hakuwahi kuona mahali kama pale. Mbwa wamesimama mezani kama wateja wa saluni! Mmoja anachanwa, mwingine anapulizwa na mashine ya kukausha nywele, wa tatu anakatwa kucha. Na ukutani zimepangwa chupa, chupa, chupa. Alisahau huzuni yake kidogo. Kwa nini chupa zote hizi? Kwani mbwa anahitaji sabuni ngapi?

Mwenye kazi alikuwa Khelef, Mzanzibari wa makamo, mwembamba, mwenye mzaha. Aliposikia Joweria anajua Kiswahili, alifurahi.

"Ahlan, bibie! Karibuni. Enhe, mgonjwa wetu ana nini?"

Alitenganisha manyoya kwa vidole, akatazama ngozi. Akakunja uso. Kisha akamnusa mbwa.

"Mimi si daktari," alisema. "Daktari wa wanyama lazima amwone kwanza, kliniki ipo mtaa wa nyuma. Lakini hebu niambie, dada. Huyu mnamwogeshea nini?"

Joweria akaanza kumpapasa Simsim kichwani. Madam alikuwa pale pale, anatazama. Hakujua Kiswahili, lakini uso aliusoma.

"Sema tu," Khelef alisema kwa sauti ya chini. "Nisipojua alichopakwa, nitamsaidiaje?"

Joweria akasema yote: shampuu, dawa ya kudekia, mafuta ya Caren. Akasema na sababu yake. "Ni najisi, kaka. Naswali pale pale anapolala. Nilitaka awe msafi."

Khelef hakucheka. "Mimi pia naswali, dada. Na kutwa nzima nimo katikati ya mbwa."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Natengeneza upande wangu. Mbwa hata umuoshe mpaka ang'ae, hukmu yake haibadiliki. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni kwa mkono wako, nguo yako, chombo chako. Si kwa mgongo wa mbwa! Mimi navaa glavu na aproni, kazi ikisha najitoharisha, nabadili nguo, naenda zangu msikitini. Na kikavu kikigusana na kikavu hakuna neno. Tenga mahali pako pa kuswalia, mbwa asiingie. Yeye umemchoma bure."

Joweria alijisikia vibaya mno. "Nimemchoma?"

"Ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Ina mafuta yake yanayoilinda. Sabuni ya watu imetengenezwa kwa ngozi ya watu, kwake inayaondoa mafuta hayo. Dawa ya choo ndiyo balaa kabisa. Ukimwogesha kila siku, mafuta hayapati nafasi ya kurudi. Halafu AC inamkausha. Na hayo ya kupoza kichwa, kumbuka mbwa anajilamba. Ukimpaka kitu, umemlisha."

"Na marashi?"

"Marashi ya nani?"

Joweria akamtazama madam. Khelef akaelewa, akatabasamu.

"Sasa mwambie madam yako. Mwambie wewe mwenyewe, ni bora kuliko mimi."

Joweria alisema, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Madam alipandwa na hasira. "Dawa ya choo! Joweria! Kwa mbwa wangu!" Alisema sana, na Joweria akakubali yote. Ndipo Khelef akaingilia kwa Kiarabu, taratibu, akaonyesha alama nyekundu shingoni, pale pale marashi yalipopulizwa. Madam akainama, akamshika Simsim sikio.

"Haya, yalla," alisema mwishowe. "Tumwone daktari."

Daktari alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa darubini. Hakukuta upele wala ugonjwa wa kuambukiza. Ngozi ilikuwa imeungua na kukauka. Akatoa dawa ya kupaka, akasema waache kila kitu walichokuwa wakitumia.

Wakarudi kwa Khelef kuuliza watumie nini sasa. Joweria alikuwa na maswali tele.

"Hii je? Ina picha ya mbwa."

"Picha haitoshi. Geuza, soma nyuma. Hii ina manukato mengi, haimfai mwenye ngozi inayowasha."

"Na hii?"

"Hiyo ya kuua vijidudu. Ni mpaka daktari aseme."

"Hii ya mtoto mchanga? Si laini?"

"Laini kwa mtoto. Mbwa si mtoto, ingawa madam yako hatakubali." Wakacheka wote wawili. Khelef akashusha chupa moja ya kawaida tu. "Hii ni ya mbwa, haina manukato, ina oti, ile nafaka ya uji. Inatuliza ngozi. Kwanza mpake mahali padogo, ungoje mpaka kesho. Asipowashwa, endelea."

"Nimwogeshe lini?"

"Ngozi ikipona, mara moja kwa mwezi inamtosha. Mchane kwanza, manyoya yasishikamane. Maji yawe vuguvugu. Suuza mpaka maji yatoke safi, tena usuuze. Povu likibaki, linawasha. Kisha mkaushe vizuri. Siku nyingine mpige brashi tu, na miguu uifute kwa kitambaa kibichi."

"Na brashi ya nini, kama haogi?"

"Unaona unavyouliza! Brashi inatoa manyoya yaliyokufa na kuyasambaza mafuta yake mwilini."

Nyumbani mambo yakabadilika. Joweria alihamishia mswala wake upande wa dirishani, akaweka kizuizi kidogo mlangoni. Madam aliyaweka marashi yake kabatini. Shampuu mpya walijaribu kwanza pajani, na Simsim hakuwashwa. Dawa ya daktari ilipakwa kila jioni. Wiki ya kwanza hakuna kilichoonekana, na Joweria alikata tamaa. Wiki ya pili wekundu ukapungua. Joweria alikuwa akiyatenganisha manyoya kama alivyomwona Khelef, akitazama, akitazama tena. Halafu siku moja aliona vinyweleo vipya, vifupi, vimechomoza palepale palipokuwa na kipara.

"Madam! Njoo uone! Vinaota!"

Madam alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni. Wakapiga magoti pamoja kando ya yule mbwa, naye Simsim akalala chali, akafurahia mambo yake.

Mwisho wa mwezi kengele ya geti ililia. Joweria alifungua. Lilikuwa gari la Al Ain, na nyuma yake limefungwa banda la chuma.

"Nimekuja kumchukua mbwa," dereva alisema.

Joweria aligeuka. Madam alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kichwa cha Simsim. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mwambie, Joweria," alisema, huku akitikisa kichwa kukataa. "Mwambie wewe."

Joweria alimgeukia dereva.

"Pole kwa safari, ndugu yangu. Ingia unywe chai," alisema. "Mbwa haendi. Wala mimi siendi."