Samaki Aliyekataa Kumeza

Jua lilikuwa linazama simu ilipoita. Fundi aliibana kati ya sikio na bega, mikono ikiendelea kusukuma kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Alikuwa mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, akipiga kutoka huko njiani.

"Mke wangu, maji ya tangi yameshatulia sasa. Nenda kawachukue samaki."

"Si ungengoja urudi mwenyewe?"

"Dada wa dukani ameshanitengea. Ni kwenda na kurudi tu, mama. Usinivunje moyo."

Fundi hakuwa na tatizo na samaki. Tatizo lake lilikuwa chumba.

Mumewe alikuwa ameliweka tangi la kioo katika chumba cha uani, pale pale palipokuwa na kitanda cha mama yake. "Chumba hakifai kukaa kitupu," alisema baada ya matanga, akaanza kazi bila kumwuliza mtu. Alipanga mawe kwanza, yakakaa imara kwenye kioo, maana samaki hawa wa ziwani ni wachimbaji na jiwe lililokaa juu ya mchanga huweza kuwaangukia. Kisha akaosha mchanga kwenye beseni mpaka maji yakatoka meupe. Akafunga chujio, kipampu cha hewa na taa. Akajaza maji, akayaacha yakae wiki baada ya wiki, akisema maji mapya huua, lazima kwanza yapevuke. Mtu mzima yule, aliyemzika mama yake bila kudondosha chozi mbele za watu, alilia siku alipowasha ile taa.

Naye mkewe alisimama mlangoni akimtazama.

Duka la samaki lilikuwa nyuma ya soko, chumba chembamba chenye unyevunyevu, matangi yamepangwa mpaka darini yakitoa mwanga wa buluu. Nyuma ya meza alikaa mwanamke aliyejifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kama mtu anayeumwa jino. Fundi alimsalimia. Mwanamke aliitikia kwa kichwa. Akaleta mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa, ndani yake samaki wa njano na wa buluu wakizungukazunguka.

Kisha akaweka na mfuko mwingine.

Ndani yake alikuwamo samaki mmoja tu. Wa kijivu. Taya lake limevimba chini, mdomo umefumbwa kabisa.

"Huyu hatukumwagiza," alisema Fundi.

Mwanamke aliusukuma ule mfuko. Akainama, uso ukakaribia. Sauti ilitoka pale nyuma ya kitambaa, ndogo, ya kukwaruza...

"Huyu hali. Usimlazimishe, Sindano."

Fundi alipokea, akaaga, akaondoka. Alikuwa ameshavuka barabara ndipo jina lile lilipomfika.

Mtaani kote aliitwa Fundi. Mumewe alimwita mama, au mke wangu. Sindano aliitwa na mtu mmoja tu katika maisha yake, mama mkwe wake, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake unaochoma. Walikuwa wakitaniana wawili hao, mlango umefungwa. Hakuna mwingine aliyelijua jina hilo.

Na mama mkwe alikuwa kaburini.

Alipofika nyumbani alijipa moyo. Labda mama mkwe, bibi yule, aliwahi kupita dukani kabla ya kupooza, akapiga soga. Wazee wana maneno. Akazima taa ya tangi ili samaki wasihangaike, akaiweka mifuko juu ya maji ielee kama alivyofundishwa, akawa anaongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo mpaka wakazoea. Alipowaachia, wa njano na wa buluu walitawanyika maweni wakikimbizana. Yule wa kijivu alishuka taratibu, akaingia pembeni, kati ya mawe mawili.

Akageuka, akamtazama Fundi.

Taya lilikuwa linachezacheza. Kama mtu anayetafuna kitu asichotaka kukimeza.

Asubuhi Fundi aliwapa chakula, kiasi cha ncha za vidole tu, kile wanachoweza kukimaliza mara moja, kwa sababu kinachobaki huoza na kuharibu maji. Samaki wote walikirukia. Wa kijivu hakusogea. Jioni vile vile. Na kesho yake, na keshokutwa.

"Kula basi," alimwambia. "Kula, mama."

Alijisikia akisema *mama*, akaufunga mdomo wake kwa kiganja.

Tangu kiharusi kilipomwangusha bibi, Fundi ndiye aliyekuwa akimlisha. Mwanzoni kwa upendo kabisa, kijiko kwa kijiko, kwa utani. Lakini ugonjwa ni wa mgonjwa, na uchovu ni wa muuguzaji. Bibi alianza kuuweka uji mdomoni bila kuumeza. Ataushikilia shavuni, ataangalia ukutani, uji utapoa humo humo. Siku ile ya mwisho palikuwa na bi harusi mlangoni anapiga hodi, gauni halijakwisha, na bibi amejaza mashavu. Fundi alichota kijiko kingine akakishindilia. Akambana taya kwa mkono. "Meza! Meza, umenichosha!" Akamwacha hivyo hivyo, akatoka kwenda kumpima mteja.

Aliporudi, macho ya bibi yalikuwa wazi, na uji ungali mdomoni.

Alimfuta. Akamsafisha kinywa chote kwa pembe ya kanga, mpaka ndani ya mashavu. Kisha akampigia mumewe. "Mama amelala, hakuamka," alisema. "Alikuwa ameshakula vizuri."

Hakuna aliyewahi kumwuliza zaidi. Hilo ndilo lililomtafuna. Walimsifu! Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alimkumbatia mbele ya umati akasema mkwe kama huyu hapatikani.

Sasa samaki wa kijivu alikuwa amejaza mashavu, anamtazama kupitia kioo.

Mumewe alipiga simu. "Wanakula?"

"Wanakula vizuri," alijibu. Maneno yakamtoka upesi, kwa sauti ile ile. Akayasikia. Akaongeza haraka, "Isipokuwa mmoja tuliyeongezewa, wa kijivu. Taya limevimba."

Mumewe alicheka kwa furaha. "Huyo ni jike! Amebeba watoto mdomoni. Samaki wa jamii hii ndivyo wanavyolea, anawaatamia kinywani, na muda wote huo hali kitu asije akawameza. Mwache kabisa. Ukimshtua atawatema kabla ya wakati."

Fundi alicheka pia, akahisi mzigo umeshuka. Kumbe ni uzazi tu! Alirudi kwenye cherehani akiimba.

Wimbo ulimkatikia midomoni.

Tk... tk... tk...

Kijiko kikigonga ukingo wa bakuli. Kutoka chumba cha uani.

Alisimama. Kikanyamaza. Alipoketi...

Tk... tk...

Mteja aliyekuwa akisubiri pindo lake hakuinua hata kichwa. "Unasikia?" Fundi alimnong'oneza. "Nisikie nini?" alisema mteja, kisha akamwangalia vizuri. "Fundi, umekonda. Unakula kweli wewe?"

Alasiri hiyo, mteja alipokwisha kuondoka, alikwenda. Alipofungua mlango, harufu ilimpiga usoni. Si harufu ya samaki wala ya maji. Uji. Uji wa ulezi, ule uliopoa ukaota ngozi juu. Ndani ya tangi maji yalikuwa yamegeuka ukungu, maana kwa siku kadhaa alikuwa akizidisha chakula kwa siri, konzi kwa konzi, akitumaini yule mmoja atashawishika. Samaki wa njano na wa buluu walikuwa juu, wanagugumia hewa.

Wa kijivu alikuwa amejibandika kwenye kioo. Usawa wa uso wa Fundi.

"Unataka nini?" Fundi alinong'ona. "Niambie. Unataka nini kwangu?"

Taya likacheza. Mdomo haukufumbuka.

Ndipo hasira ilipompanda, ile ile ya siku ile, ya moto, ya mtu aliyechoka. Alitumbukiza kiwavu, akamnasa, akamtoa. Samaki alikuwa mzito kuliko umbo lake. Akambana kwa mkono wa kushoto, na kwa vidole vya kulia akachukua chakula na kukisukuma pale mdomoni.

"Kula! Meza! Me..."

Akasikia anachosema.

Mkono ulikuwa umeshabana taya.

Samaki akafumbua kinywa. Kikafumbuka, kikafumbuka, kuliko samaki wa kadiri ile anavyoweza, na kitu kikamtoka taratibu kikajaa kiganjani mwa Fundi. Hakikuwa watoto. Kilikuwa kizito, cha rangi ya udongo, laini.

Na kilikuwa na uvuguvugu.

Fundi alipiga ukelele mmoja. Samaki alimfia mkononi.

Hivyo ndivyo mumewe alivyomkuta alipoingia na mkoba wake begani. Lori lilikuwa limemaliza kupakua mapema, akaona amshtukize mkewe. Alimkuta ameketi sakafuni, sketi imelowa, kiganja kimekunjwa kifuani.

"Nimemuua," alisema Fundi.

"Ni samaki tu, mke wangu. Nyanyuka."

"Nimemuua mama."

Akayatoa yote. Kijiko, bi harusi, mkono kwenye taya, pembe ya kanga. Alipomaliza, mwanamume yule aliushusha mkoba polepole, kana kwamba ndani yake mna mayai. Akaangalia pale palipokuwa na kitanda.

"Uliniambia alikuwa amekula," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nawaambia watu. Mama alikufa ameshiba."

Hakupiga, hakutukana. Heri angetukana. Alimwaga sehemu ya maji machafu, akajazia mengine kidogo kidogo, akawaokoa waliobaki, kisha akaenda kulala ndani ya lori.

Kesho yake alimpeleka kwa dada yake. Wifi alisikiliza huku akichambua mchele. Mikono ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Mimi ndiye niliyemwosha," alisema mwishowe. "Kinywa chake kilikuwa safi mno. Mtu mgonjwa vile... Nilijiuliza. Nikasema, wifi yangu anampenda mama." Akaupepeta mchele mara moja. "Sasa unataka nikusamehe. Si mimi niliyelishwa kwa kubanwa, mama. Kamwombe aliyebanwa."

"Hayupo, wifi."

"Hayo ni yako na yeye."

Njiani, kwa woga, Fundi alimwuliza mumewe yule dada wa dukani alimjulia wapi mama, hata akajua kumwita Sindano, kama mama alivyokuwa akimwita.

Mumewe alipunguza mwendo. "Nani alikuita?"

"Mwuza samaki. Yule anayejifunga kitambaa."

"Yule ni bubu," alisema. "Taya lilimvunjika tangu utotoni. Hajawahi kutamka neno. Mimi mwenyewe huwa namwonyesha kwa vidole."



Walipofika nyumbani mumewe alipitia chumba cha uani kuangalia maji. Fundi akamsikia akimwita, sauti imebadilika. Katikati ya mawe, juu tu ya mchanga, kulikuwa na wingu la visamaki vidogo kama punje za ulezi. Vya kijivu.

"Unaona? Aliwatema mapema, kabla hujamkamata," alisema mumewe. "Na kile ulichokiona mkononi ni chakula tu, ulikuwa umekijaza mno, kimelowa kikavimba."

Fundi aliitikia. Hakumwambia kuhusu ule uvuguvugu.

Mumewe aliwasagia chakula kikawa unga, akawanyunyizia. Hawakula. Akajaribu tena jioni. Hawakula. Vilikaa tu pamoja, vimeelekea upande mmoja, upande alikosimama Fundi. "Hebu wape wewe," alisema mumewe bila kumtazama.

Alichukua unga kwa ncha za vidole. Akasikia maneno ya wifi, akainama mpaka midomo ikagusa kioo.

"Nisamehe, mama."

Vikaja vyote. Vikala.

Tangu siku hiyo ndiyo desturi. Mumewe amerudi kwenye safari zake. Wanasemezana, wanakula meza moja, ingawa kitu kati yao hakijarudi mahali pake na pengine hakitarudi. Fundi halali tena mbali na nyumbani. Mdogo wake alipoolewa hakwenda. Mama yake mzazi alipougua aliwahi kwenda akarudi siku hiyo hiyo, mbio mbio, maana nani atawalisha? Kila kukicha na kila jioni anaingia chumba cha uani, anainama, anaomba, naye polepole anawapa kidogo kidogo, kwa subira ambayo hakuwa nayo. Wateja wamezoea. Wengine husema ametupiwa kitu, wengine husema ni mapenzi ya samaki.

Mvua zimekuja zimekwisha, visamaki vimekuwa vikubwa. Fundi alikuwa ameanza kufikiri kwamba anasamehewa, siku kwa siku, punje kwa punje.

Leo asubuhi aliomba kama kawaida. Walikuja, wakala.

Mmoja hakuja. Alikuwa amekaa pembeni, anamtazama, na chini ya mdomo wake uliofumbwa taya lilikuwa limeanza kuvimba.